Naenda Mtwara na mama mkwe: samaki wa kuchoma tutamla wapi bila kuaibika?

Wakuu habari za jioni. Naombeni ushauri, na kejeli kidogo nitavumilia.

Mwishoni mwa Oktoba tunashuka Mtwara kwenye harusi ya shemeji yangu: mimi, mama watoto, watoto wawili na mama mkwe. Mama ni mtu wa Tanga, swala tano, na samaki anamjua kuliko ninavyomjua mimi mbuzi wa Dodoma. Ameshatangaza kuwa jioni ya kwanza anataka samaki wa kuchoma, tena nje, upepo wa bahari unampiga. Nikaitikia "sawa mama" kabla sijafikiri.

Shida ni hii. Mwaka jana nilikuwa Mtwara kikazi. Tukaenda na wenzangu kwenye baa moja ya wazi, viti vya plastiki mchangani, jiko pembeni linafuka moshi mtamu. Nikamwambia mhudumu "tuletee samaki mkubwa". Akaja kolekole mkubwa kweli, mgongoni kakauka kama ubao, karibu na mfupa bado ana damu. Bili 78,000. Kuuliza, mhudumu anasema bei ni ya jikoni, wa jikoni anasema bei hiyo hajaitaja yeye. Nikalipa nikanyamaza, nilikuwa na wageni.

Sasa niagizeje nisipigwe tena? Na nimpeleke mama wapi, maana sehemu zinazochoma vizuri ninazozijua zote zina bia.

Mzawa wa Chikongola
Pole mkuu, ila mlango uliufungua mwenyewe. Baa nyingi huku, kama huko kwenu, kaunta ni ya mwenye baa na jiko ni la mtu mwingine aliyekodi kona yake. Mhudumu ni wa kaunta. Ukimtuma jikoni anaweza kurudi na bei yenye cha juu chake, na mwenye jiko hana habari. Inuka kwenye kiti. Nenda jikoni, omba deli lifunguliwe, shika samaki unayemtaka, uliza "huyu na ndizi zake shilingi ngapi?" Mkishakubaliana ndipo apande kwenye wavu. Hela ya samaki ilipe jikoni, soda zilipe kaunta. Bili mbili, wasikuchanganyie.

Kigoda Cha Mbuzi
Mpeleke kiti moto mkuu, hutaombwa samaki tena 😂

Mama Nazi
Huyo hapo juu mpuuzeni.

Baba, kolekole mnene si wa kuchomwa mzima na mtu mwenye haraka, ndiyo maana ulikula ubao na damu kwa pamoja. Chukua changu au tasi anayeenea kwenye sahani. Achanjwe mbavuni hadi chumvi na ndimu viguse mfupa, kitunguu saumu kidogo, basi. Moto uwe umeshatulia, makaa yamevaa majivu. Ukiona ndimi za moto zinaramba samaki, hapo unakula masizi. Na ukiletewa ndani ya dakika tano, jua huyo alichomwa mchana, wewe umepashiwa.

Akitaka pweza, uliza kama ameshachemshwa. Pweza huchemka kwanza kwa maji yake mwenyewe mpaka alainike, kwenye mkaa anapita tu kupata harufu. Akiwekwa mbichi kwenye wavu mtatafuna mpaka harusi iishe. Halafu angalieni mwezi: siku za bamvua maji yanapokupwa sana miamba inabaki wazi, pweza wanapatikana kwa wingi. Siku za maji mafu, bahari isipokupwa sana, mtauziwa wa kwenye barafu.

Dereva wa Kusini
Oktoba ni msimu wa korosho, mji una wageni na hela inatembea. Wekeni chumba mapema. Na kutoka Dar ni kama kilomita 560, mama atafika mgongo umekufa. Jioni ya kwanza mlazeni, samaki kesho yake. Akilalamika njaa njiani, mnunulieni ming'oko ya kuchemsha, ile mizizi ya porini inayoliwa kama viazi.

Muuguzi Mstaafu
Naongeza moja. Jodari aliyeshinda juani msimguse, hata akinukia vizuri. Akikosa barafu hujenga sumu ambayo moto hauiondoi, umchome umkaange ni ile ile. Shemeji yangu alikula, ulimi ukamwasha kama amelamba pilipili, nusu saa uso mwekundu, moyo unamwenda mbio. Ikitokea hivyo, acheni kula, wahini hospitali. Angalieni macho ya samaki yang'ae, mashavu yawe mekundu, na ukibonyeza nyama irudi.

Binti Mikindani
Kaka, kwani lazima baa? Asubuhi nendeni soko la samaki Feri, mama achague mwenyewe, atafurahi kuliko kuletewa. Mtieni barafu. Jioni tafuteni mchomaji, mnamlipa moto na kazi tu. Mkeka, chupa ya chai, mnakaa ufukweni Shangani. Watu wanafanya hivyo siku zote. Ila msijaribu kumwambia baa ni mgahawa. Kreti ataziona.

Na mama akikaribishwa "juisi ya mabibo" aulize imekamuliwa lini. Ya leo ni juisi. Ikilala, hiyo ni uraka, pombe tayari, na swala tano yake itaingia dosari.

Mwenye uzi
Dada Binti, hili la Feri limenikaa. Mchomaji wa moto tu nitampataje?

Binti Mikindani
Fuata moshi, salimia, uliza. Na ukikaa kaa joshini, upande upepo unakotokea, moshi usiwafuate.

Mwenye uzi (mrejesho)
Wakuu tumerudi salama, nilisema nitaleta mrejesho.

Feri mama aliingia kama anaingia kwake. Aliinua mashavu ya samaki karibu kumi, wauzaji wakaanza kumwita "bibi mwenye mali". Tukatoka na changu watatu. Mimi kazi yangu ilikuwa kubeba ndoo.

Jioni tukampata kijana ana wavu wake na pipa la nusu, tukakubaliana 5,000 kwa wote watatu, ndizi juu yake. Mama akaomba kigoda, akakaa hatua moja kutoka kwenye moto. Kijana akataka kumgeuza samaki, mama akasema, "Mwanangu, bado hajajiachia, utamwachia ngozi kwenye chuma." Kijana akasubiri. Samaki akageuka mzima, ngozi yote imemkaa. Mara ya pili alipotaka kupaka mafuta, mama akamwambia mafuta ya nini, apake tui. Tui limetoka wapi sijui, nadhani alikuja nalo kwenye mkoba.

Kufika samaki wa tatu, kijana alikuwa ameshamkabidhi koleo, amekaa kwenye mkeka wetu anakula ndizi na watoto wangu. Mama mkwe ndiye aliyemaliza kuchoma. Na ile 5,000 nilimlipa yote.