Tupeane uzoefu: ekzosi ya pikapu ya zamani imeoza, ulinunua au ulichomelea?

Wakuu, habari za muda huu.

Nina Hilux ya miaka ya tisini, injini 3L, ile dizeli ya lita 2.8 isiyo na tabo. Kazi yake ni kubeba machungwa kutoka Muheza kuja Tanga mjini. Injini iko vizuri, ila mafla (ile ngoma ya kupunguza kelele za ekzosi) imetoboka kwa chini na bomba la nyuma limeachia. Nimeulizia bei: orijino mpya siiwezi, kopi zipo, mtumba upo, na kila fundi wa kuchomelea ananiambia atanitengenezea kama ya kiwandani. Kabla sijatoa hela naomba waliopitia hili waseme: gari gani, ulifunga nini, na ikadumuje?

Mdau wa Likoni, Mombasa
Pole ndugu yangu. Mimi nina Nissan ya zamani, inazunguka sokoni na nyumbani tu. Watu wa pwani tunalaumu chumvi ya bahari, na kweli inakula chuma kwa nje, lakini adui mkubwa yuko ndani. Mafuta yakiungua yanatoa maji, kwa kukadiria lita moja kwa kila lita ya mafuta. Safari ndefu maji yanatoka yakiwa mvuke. Safari fupi mafla haipati moto wa kutosha, maji yanatuama humo na kuanza kula bati la chini. Nilichukua mafla mpya ya kopi, ya chuma kilichopakwa alumini, na mpaka sasa inadunda. Chini ilikuwa na kitundu kidogo cha kutolea maji. Fundi akataka kukiziba akidhani imetoboka, nikamzuia. Hakikisha yako ikifungwa, kitundu kinaangalia chini.

Mdau wa Mbeya
Mimi nilienda na mtumba wa Japani na sijutii, ila nilichagua kwa kutulia. Kule kwenye theluji barabara humwagiwa chumvi, kwa hiyo usidhani kila kilichotoka Japani ni kizima. Ya kwanza kuletewa ilikuwa imepakwa rangi ya fedha, inang'aa. Nikaikwaruza kwa bisibisi kwenye mshono, ikatoka kutu kwa mabamba. Nikairudisha palepale dukani. Niliyonunua ilikuwa na kutu ya juujuu tu, nikiigonga inatoa sauti kavu, nikiitikisa hakuna kinachochezacheza ndani. Kama ndani kuna kitu kinagonga, vizuizi vyake vimeshaachia, iache hapo hapo.

Fundi, Arusha
Mkuu wa Muheza, kazi hii naifanya kila siku, naomba nieleze kwa urefu kidogo.

Kwanza, usibadilishe mfumo mzima kwa sababu mafla imetoboka. Bomba la mbele linalotoka injini linapata moto sana, maji hayakai, ndiyo maana mara nyingi huwa bado zima wakati nyuma kote kumekwisha. Liminye kwa koleo: likibonyea, badilisha, likigoma, liache.

Pili, bomba. Uliza geji, yaani unene wa bati lake, kabla ya bei. Geji 16 ina unene wa karibu milimita 1.5, geji 18 karibu 1.2, na kwa barabara za vumbi na mawe tofauti hiyo utaiona. Fundi akikuletea bomba la maji la mabati, kataa. Zinki yake ikichomelewa inatoa moshi mweupe unaomletea fundi homa. Na ukiambiwa stenlesi, sumaku isikuchanganye: ile ya 409 inayotumika sana kwenye ekzosi inashika sumaku, ya 304 kwa kawaida haishiki. Zote ni stenlesi.

Tatu, na hapa ndipo pikapu nyingi zinaharibiwa. Fundi anainua gari kwa jeki, difu (ekseli ya nyuma) inaning'inia chini, anapima bomba kupita juu ya difu, anachomelea. Gari likishuka na kubeba mzigo springi zinalala, difu inapanda, inagonga bomba. Baada ya muda mpira wa kuning'inizia unakatika na weldi inapasuka, unarudi kulipa tena. Bomba lipimwe gari likiwa limekanyaga chini kwa matairi yake, ikiwezekana na mzigo. Likae mbali na paipu za breki na za mafuta.

Kabla hajawasha mashine ya kuchomelea, terminali ya betri itolewe. Na kila weldi ipakwe rangi ya kuhimili joto, kwa sababu alumini inaungua pale na kutu inaanzia hapo.

Mdau wa Morogoro
Wenye petroli za kisasa kidogo msifuate kila kitu cha dizeli. Ya kwangu ina masega (kile kifaa cha kusafisha moshi kwenye ekzosi) na sensa ya oksijeni. Palivuja kabla ya sensa, ikawa inavuta hewa ya nje, kompyuta ikadhani mafuta ni kidogo, ikaongeza. Ulaji wa mafuta ulipanda na kuna fundi alitaka kunibadilishia pampu. Dawa ilikuwa gasiketi tu.

Mama wa Dodoma
Wanangu, mnazungumzia bei na kelele, hamjagusa moshi. Pikapu yetu inabeba vibarua nyuma, imefunikwa turubai. Bomba lilikatika katikati, watu wakawa wanashuka wanaumwa kichwa na kichefuchefu, tukasema ni jua. Kaboni monoksidi haina rangi wala harufu, na inaua. Sasa nimeagiza bomba litokeze nje kabisa ya bodi, lisiishie chini ya sakafu ya keria. Kuokoa kipande kile cha mwisho si kubana matumizi.

Mwenye mada
Mama, asante sana, hata mimi napakia wachumaji. Bomba langu lilikuwa linaishia chini ya keria, hilo linabadilika. Nimelibana la mbele kwa koleo, ni gumu. Nitachukua mafla ya kopi na bomba la geji 16 kwa nyuma. Fundi wa Arusha, nichomelee moja kwa moja au niweke flanji (vile vibati vya kuungia bomba kwa bolti)?

Fundi, Arusha
Flanji, mbele na nyuma ya mafla. Utaongeza hela kidogo leo, lakini mafla ikifa tena unafungua bolti, hukati bomba zima. Weka gasiketi mpya, na bolti zipake grisi ya shaba. Akimaliza, injini ikiwa ya baridi, iwashe, ziba mdomo wa bomba kwa tambara nene kwa sekunde chache na usikilize kila kiungo. Panaposema "sss", usilipe mpaka aparudie.