Naomba ushauri: nimepunguza vipimo vya MRI mara nne, picha inatoka na vichwa vilivyolaliana

Kibatari: Habari za leo, wakuu. Ninaandika tasnifu ya uzamili kuhusu namna ya kufupisha muda ambao mgonjwa hulala ndani ya mashine ya MRI. Picha ya ubongo ikigeuzwa kuwa waveleti (vipande vya mawimbi mafupi ya ukubwa mbalimbali) huwa na namba chache kubwa, na zilizobaki hukaribia sifuri. Uchache huo ndio unaoruhusu kuijenga picha nzima kwa vipimo pungufu. Nilichukua data kamili, nikabakiza mstari mmoja katika kila mistari minne ya masafa (mashine haipimi nukta za picha moja kwa moja, bali masafa yake, mstari kwa mstari), kisha nikatafuta picha inayokubaliana na vipimo hivyo huku jumla ya ukubwa wa waveleti zake ikiwa ndogo iwezekanavyo. Ninaona vichwa vinne vimelaliana, na hata baada ya mizunguko 500 havijatengana. Nimekosea wapi?

Nahodha wa Ishara: Mkuu, huenda programu yako ni nzima, ila mistari umeichagua vibaya. Ukiruka kwa hatua sawa, upungufu unarudi kama nakala kamili za kichwa, na nakala hizo nazo zina waveleti chache kama kichwa chenyewe, kwa hiyo hesabu haina msingi wa kuzikataa. Ukichagua kwa kubahatisha, upungufu uleule unasambaa picha nzima kama chenga za televisheni isiyoshika stesheni, na zile namba kubwa zinachomoza juu yake. Lustig, Donoho na Pauly, walipolipeleka wazo hili kwenye MRI mwaka 2007, walisisitiza jambo hilo. Hata hivyo, katikati ya masafa ndiko iliko sehemu kubwa ya nguvu ya picha. Pale chukua mistari yote, uipunguze kadiri unavyoelekea pembeni.

Bi Hesabu: Ninakubaliana naye. Anza na picha ya mfano ya Shepp na Logan, yaani mchoro wa kichwa wa kufanyia majaribio, ambao Candès, Romberg na Tao waliujenga upya bila kosa mwaka 2006 kwa mistari 22 tu inayopita katikati ya masafa, ingawa picha ina nukta 512 kwa 512. Iliwezekana kwa sababu picha ile ni mabaka ya rangi mojamoja, nao walipunguza jumla ya mabadiliko kati ya nukta jirani. Kichwa cha mtu hakina usafi huo. Angalia pia uzito wa adhabu, yaani nguvu unayoipa kanuni ya kupunguza waveleti ikilinganishwa na kukubaliana na vipimo, maana ukiuzidisha, mishipa midogo ya damu inafifia huku picha ikizidi kupendeza, na hilo ninaliogopa kuliko chenga, kwa sababu daktari hawezi kujua kilichofutwa.

Kibatari: Ahsanteni sana. Nimebakiza mistari yote ya katikati na kubahatisha ya pembeni: vichwa vya ziada vimetoweka, ila kingo bado zina ukungu kuelekea upande mmoja.

Nahodha wa Ishara: Upande huo ndio ulioruka mistari. Katika picha ya bapa moja unabahatisha mwelekeo mmoja tu. Ukipata data ya pande tatu, utabahatisha miwili, na chenga zitasambaa vizuri zaidi.