Ombi la dawa za uzazi wa mpango kwa bunge la kaunti: liandikwe vipi lisirudishwe?

Mama_Wadi
Hamjambo. Zahanati yetu hukaa wiki kadhaa bila sindano wala vipandikizi. Mwenye nauli anakwenda kununua mjini, asiye nayo anarudi mikono mitupu. Kikundi chetu kinataka bunge la kaunti litenge fedha. Tuanzie wapi, na lini?

Karatasi_na_Muhuri
Haki mnayo. Ibara ya 43 ya Katiba ya Kenya inataja huduma za afya ya uzazi waziwazi, na kifungu cha 15 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 kinamruhusu yeyote kupeleka ombi bungeni kwao.

Maombi mengi hukwama kwa umbo. Kiswahili kinakubalika, lakini pasiwe na kufutafuta wala maneno ya kejeli. Semeni mlikwenda kwa nani kwanza na mlijibiwa nini, kwa hiyo barua kwa idara ya afya itangulie. Semeni pia kama kuna kesi mahakamani juu ya jambo hilo. Kila karatasi ya sahihi iwe na mada ya ombi juu yake. Sahihi zilizo kwenye karatasi tupu ni rahisi kukataliwa. Kila mtu aandike jina, anwani na nambari ya kitambulisho.

Sehemu ya mwisho ndiyo roho ya ombi. Msiandike "serikali itusaidie". Andikeni: "Kamati ya Afya ipendekeze bidhaa za uzazi wa mpango ziwe na fungu lake katika makadirio ya bajeti ya idara, kwa kiasi hiki." Pelekeni kwa Karani wa bunge la kaunti, na nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa.

Mama_Wadi
Asante sana. Wasiojua kuandika je? Na hicho kiasi tunakipataje?

Hesabu_ya_Stoo
Asiyeandika aweke dole gumba mbele ya shahidi, naye shahidi atie sahihi.

Kiasi kinatoka zahanati yenyewe. Mwombeni muuguzi jumla za ripoti ya kila mwezi, MOH 711, bila majina ya wateja, na kadi ya stoo inayoonyesha siku rafu ilipokuwa tupu. Sindano ya miezi mitatu ni 4 kwa mwaka: wanawake 120 wanahitaji 480, na akiba ya robo mwaka inafanya 600. Tembe ni pakiti 13 za siku 28 kwa kila mmoja. Msihesabu waliohudumiwa tu. Mwezi ambao dawa hazikuwepo utaonekana kana kwamba hakuna aliyezihitaji, na hapo ndipo mgao unapopunguzwa.

Kipandikizi msikiombe peke yake. Bila ganzi, glavu na bandeji kitakaa ndani ya boksi. Ombeni pia wembe wa upasuaji na koleo ndogo za kukitolea. Mwanamke anayewekewa lazima awe na uhakika wa kutolewa siku atakayotaka, hata kabla ya miaka 3 au 5 kwisha.

Karatasi_na_Muhuri
Kuhusu lini: taarifa ya mikakati ya fedha ya kaunti hufika bungeni kufikia Februari 28, na makadirio Aprili 30. Ombi liingie Januari, kwa sababu kamati inaweza kuchukua hadi siku 60. Mwezi Mei nendeni kwenye vikao vya umma vya bajeti mkiwa na nakala yenye muhuri, mtafute hilo fungu. Likiwa limefichwa ndani ya "dawa na vifaa vya tiba", daini litengwe, kwa sababu humo fedha zinaweza kuishia kwenye dawa nyingine na msiwe na pa kushika. Bajeti ya nyongeza nayo ikija, likagueni tena.