Unix ni Unix, ati? Aliyefunga kiraka cha mistari 10 aje hapa abonyeze "h" mara nne

Mkuki_wa_Terminali:

Wakuu, leo sisalimu mtu.

Mnamjua yule mwenye mradi. Kila aliyewahi kutuma kiraka (marekebisho ya msimbo) kwenye ile editor ndogo ya kuandikia maandishi ndani ya terminali anamjua, mwandiko wake tu unatosha. Kiraka kina mistari 10. Kumi! Kazi yake ni kuifanya editor iliyozaliwa kwenye Linux iishi pia kwenye Solaris 10, Unix ya kampuni ya Sun. Kimekaa kwenye foleni dakika nne, kikafungwa kwa jibu hili: "Kwangu inafanya kazi. Gusa Makefile tu, Unix ni Unix."

Unix ni Unix! Basi na samaki ni samaki, apikiwe bunju ale ashibe.

Makefile (faili la maagizo ya kujenga programu) imeguswa, wakuu, imeguswa hadi imechubuka. Programu inakompaili bila onyo hata moja. Balaa linaanza ukishafungua faili. Unabonyeza h, kimya. Unabonyeza a, kimya. Unabonyeza b, kimya. Ukibonyeza herufi ya nne, zote zinamwagika kwa mpigo kama abiria wa daladala mlango ukifunguliwa. Mshale mmoja ni baiti 3 (ESC, mabano, herufi), kwa hiyo unabonyeza mshale wa chini na kishale kimeganda. Hata kutoka hutoki, maana amri ya kutoka ni baiti moja. Herufi nne! Mtu anaandika jina lake kwa awamu kama analipa kiwanja!

Sababu yake si uchawi. Msimbo wenyewe unafanya hivi: tcgetattr (soma mipangilio ya terminali), inazima ICANON (kusubiri mstari mzima) na ECHO (kurudia herufi kwenye skrini), kisha tcsetattr (andika mipangilio). Basi. Haigusi c_cc[VMIN] (read, inayosoma kibodi, isubiri baiti ngapi) wala c_cc[VTIME] (isubiri muda gani). Kwenye Linux ya x86 (chipu za kompyuta za kawaida) VMIN ina chumba chake, namba 6, na ndani yake tayari kuna 1, ndiyo maana "kwangu inafanya kazi". Kwenye Solaris VMIN na VEOF wanalala chumba kimoja, namba 4, na VTIME yuko na VEOL (alama ya ziada ya mwisho wa mstari) kwenye namba 5. VEOF ni Ctrl-D, na Ctrl-D ni baiti yenye thamani 4. Ukizima ICANON, ile 4 iliyokuwa alama ya mwisho wa faili inageuka kuwa "subiri baiti 4 ndipo read irudi". POSIX, kiwango cha pamoja cha Unix, imeruhusu kuchangia chumba hivyo, na imeandikwa wazi. Dawa ni mistari miwili:

t.c_cc[VMIN] = 1;
t.c_cc[VTIME] = 0;

Miwili! Na wakati wa kutoka rudisha ile struct ya mipangilio uliyoihifadhi mwanzoni. Usiwashe ICANON kwa mkono, maana VEOF itabaki na 1, yaani Ctrl-A, na mtu akirudi kwenye sheli Ctrl-D yake imekufa.

"Kwangu inafanya kazi." Dakika nne!

Mistari mingine mitano ni ya SIGWINCH, ishara ya kwamba ukubwa wa dirisha umebadilika. Editor inatumia signal(). Kwenye glibc, maktaba ya C ya Linux, signal() ya kawaida inafuata desturi ya BSD (ukoo mmoja wa Unix): ukisajili kishikaji (kazi ya kuishughulikia ishara) mara moja kinabaki. Kwenye Solaris inafuata System V (ukoo mwingine): ishara ikifika mara ya kwanza, kishikaji kinaondolewa na hali inarudi ya awali, na hali ya awali ya SIGWINCH ni kupuuzwa. Kwa hiyo hata editor ikinusurika ukubwa wa dirisha ukibadilika mara ya kwanza, mara ya pili skrini inabaki imekatika katikati kama mkeka ulioliwa na panya. Weka sigaction yenye sa_flags = 0. Bado, kama ilivyo kwa signal() ya Solaris, read itakatizwa na kurudisha -1 ikiwa na EINTR (imekatizwa na ishara), na editor hii ikiona -1 inakufa palepale na kazi ya mtu ambayo haijahifadhiwa. Ndiyo maana mistari miwili zaidi ni ya kukagua errno, namba ya kosa.

Mstari wa kumi: jina la faili likiwa NULL (hakuna jina), ule mstari wa hali chini ya skrini unalipeleka kwa snprintf (kazi ya kupanga maandishi) na %s. glibc inaandika "(null)" na kuendelea na maisha. Solaris 10 inaanguka chali. Fungua editor bila jina la faili, imekufa kabla hujaona kishale.

Hayo yote ni "gusa Makefile tu". Angalau angesoma. Mistari kumi inasomwa chai haijapoa. Lakini hapana: dakika nne, mlango pwaa, "kwangu inafanya kazi". KWANGU! Kwani editor inaandikwa kwa ajili ya kibodi moja duniani?

bahari_ya_mabano:

Mkuu pole, huyo tunamfahamu. Ndiye aliyekataa kiraka cha OpenBSD kwa sababu "malloc.h ipo kila mahali". Heda hiyo (faili la matangazo ya C) haipo OpenBSD, na FreeBSD ukiiita kompaila inakusomea hukumu kwamba mahali pake sasa ni stdlib.h. Kufuta mstari mmoja tu kukashindikana.

Kisu_Butu:

Povu lote hili kwa ajili ya Solaris 10? Ya 2005? Mkuu, hiyo mashine yako inatumia umeme au kuni? Jamaa kasema kweli, kwake inafanya kazi. Na kwangu pia. Funga uzi twende tukalale.

Mkuki_wa_Terminali:

Kisu_Butu, huo mpangilio wa VMIN na VEOF upo hadi leo kwenye illumos, mrithi wa Solaris, na upo kwenye Linux yenyewe ikiwa juu ya chipu za SPARC. Linux, kerneli ileile unayoiabudu! Kwa hiyo hata "Linux ni Linux" haisimami, sembuse "Unix ni Unix". Kuweka VMIN = 1 hakumdhuru mtu yeyote wa x86, kunaandika tu kile ambacho tayari kipo. Hakuna anayepoteza kitu. Ndicho kinachochoma: kiraka hakina gharama, na kimefungwa kwa dakika NNE, idadi ileile ya herufi.

Kisu_Butu:

Bado unahesabu dakika. Kanywe maji.

mama_wa_Makefile:

Nyote mmemwonea huruma mtu ambaye Makefile yake ilikubali. Makefile ya editor hiyohiyo ipelekeni FreeBSD bila gmake (make ya GNU) muone. Imejaa ifeq na $(shell ...), na make ya BSD haizijui, yenyewe inataka .if na !=. Halafu kuna $< ndani ya kanuni za kawaida: GNU inaijaza, ila kwa make ya BSD ni ya kanuni za viambishi (kama .c kwenda .o) tu, kwingine huna uhakika nayo, na kompaila inaitwa bila faili la kukompaili. Ukimuuliza mwenye mradi anakwambia sakinisha gmake. Yaani mtu asakinishe make ya pili ili ajenge editor ya faili tatu za .c! Faili tatu zinaandikwa wazi kwa mistari sita, zinajengeka popote.

Fundi_Kimya_88:

@mama_wa_Makefile dada, umesahau sed -i (sed ikibadilisha faili palepale). Hati yao ya kusakinisha inabadilisha njia kwa sed -i 's/.../.../' faili. Kwenye FreeBSD na macOS, -i lazima ipewe kiambishi cha jina la nakala ya akiba, hata kama ni ''. Usipoipa, inalichukua lile agizo lako la s/// kuwa kiambishi, na jina la faili linasomwa kama agizo. Solaris 10 ndiyo haina -i kabisa. Andika kwenye faili la muda kisha mv, hakuna mfumo utakaogoma. Na hati inaanza na #!/bin/bash wakati FreeBSD bash ikisakinishwa inakaa /usr/local/bin.

mama_wa_Makefile:

Na humo ndani hakuna hata kitu kimoja kinachohitaji bash. Nimeisoma yote. sh ingetosha.

Mkuki_wa_Terminali:

sh ya Solaris 10 haijui $(...), ni Bourne ya kale. Ita /usr/xpg4/bin/sh. Na grep yake ya /usr/bin haina -q, ya xpg4 inayo. Lakini wakuu, tusitoke kwenye mada: HERUFI NNE, na mtu kasema kwake inafanya kazi.

Kamba_ya_AIX:

Wewe una herufi nne, unalia. Huku AIX, Unix ya IBM, ukifungua faili tupu editor inasema kumbukumbu imeisha! Faili la baiti sifuri, mashine ina kumbukumbu ya kutosha kijiji kizima! malloc(0) (kuomba baiti sifuri za kumbukumbu) ya AIX inarudisha NULL, kiwango cha C kinaruhusu, na editor imeandikwa: ikirudi NULL, kufa. Kompaili kwa -D_LINUX_SOURCE_COMPAT, au bora zaidi omba n ? n : 1 (sifuri iwe moja). Ukimaliza hapo, char kwa AIX haina alama ya hasi. Walioandika char c = getc(f) na kulinganisha na EOF (alama ya mwisho wa faili, -1) wanapata kitanzi kisichoisha, kwa sababu 255 haitakuwa -1 hadi kiama. Linux ya ARM nayo ni hivyohivyo. Tangaza int c, mambo yaishe.

bahari_ya_mabano:

Hiyo ya faili tupu imenivunja mbavu. "Kumbukumbu imeisha."

mwana_wa_Ctrl:

Hakuna kinachofikia Ctrl-Y. Kwenye macOS na baadhi ya BSD, terminali ina VDSUSP (kusimamisha programu), na herufi yake ni Ctrl-Y. Watu wa mkono wa Emacs wanabandika maandishi kwa Ctrl-Y, na editor inasinzia papo hapo, unajikuta kwenye sheli unaandika fg kuirudisha. Ctrl-O nayo kwenye macOS inamezwa na VDISCARD. Ctrl-V inaliwa na VLNEXT. Zote tatu zinaondoka ukizima IEXTEN kwenye c_lflag. Zima na IXON kwenye c_iflag, la sivyo Ctrl-S ya kuhifadhi itagandisha skrini na watu watadhani mashine imekufa.

Kisu_Butu:

Sasa haya ndiyo malalamiko ya maana. macOS watu wanaitumia.

Mzee_wa_Termcap:

Vijana, poeni. Editor ya Vim ilitoka 1991 ikiwa ya kompyuta za Amiga, mwaka uliofuata ikaingia Unix. Fungueni src/ yake muone: os_unix.c, os_amiga.c, os_win32.c. Tofauti kubwa za kila mfumo zimewekwa kwenye faili lake. Editor mnayoigombania ina #ifdef __linux__ katikati ya kitanzi cha kusoma kibodi. Hapo ndipo ubovu ulipo. Usiulize jina la mfumo, uliza kitu chenyewe: je, TIOCGWINSZ (ya kuuliza ukubwa wa dirisha) ipo? Heda fulani ipo? Configure ya mistari michache inayojaribu kukompaili kipande kidogo inatosha.

Kamba_ya_AIX:

Mzee, Emacs nayo? Miaka na miaka ilikuwa inajitupa kumbukumbu yake kwenye faili kwa unexec, na kila mfumo ukibadilisha malloc au kuchanganya anwani, ujenzi unavunjika.

Mzee_wa_Termcap:

Ndiyo, hadi Emacs 27 ya 2020 ilipoleta njia mpya ya kutupa isiyotegemea umbo la faili la mfumo. Nami siitetei.

mwana_wa_Ctrl:

Wakati mpo hapo, nani ana dawa ya TERM (jina la aina ya terminali)? Naingia macOS ya zamani kupitia ssh kutoka ndani ya tmux (programu ya kugawa terminali), editor inasema tmux-256color haijulikani. Nikiweka TERM=vt100 rangi zote zinapotea.

Mzee_wa_Termcap:

Usiweke vt100, hiyo ni kukata mguu kwa sababu kiatu kinabana. Kwenye Linux: infocmp -x tmux-256color > t.info. Fungua t.info, tafuta pairs#0x10000 (idadi ya jozi za rangi), weka pairs#32767, kwa sababu ncurses ya zamani ya macOS haibebi namba kubwa kuliko hiyo. Hamisha faili kwa scp, kisha huko macOS: tic -x t.info. Bila root inaingia ~/.terminfo, inatosha.

mwana_wa_Ctrl:

Imekubali mzee. Rangi zimerudi. Nilitumia sed kubadilisha ile pairs, ikagoma.

Fundi_Kimya_88:

Ulifanyia macOS, na hukuweka ''.

mwana_wa_Ctrl:

Sikuweka.

mama_wa_Makefile:

Halafu mnasema tatizo si zana. Nafungua uzi wa make na sed peke yake, njooni kule. Leteni na Makefile zenu, tuziandike upya bila gmake.

Mkuki_wa_Terminali:

Wakuu, na kiraka changu je?

Fundi_Kimya_88:

@mama_wa_Makefile nakuja, nina moja ya mistari 400.