Tupeane uzoefu: kizibo cha mpira cha vakyumu kwenye kabureta ya pikipiki, kipi kinadumu?

MzeeWaKijiwe (Morogoro)
Wakuu, habari za kazi. Leo oili na tairi tuziweke pembeni. Nauliza kuhusu kile kimpira cheusi kinachoziba kichuchu cha vakyumu (kijibomba cha mvuto wa injini) kwenye manifoldi, kati ya kabureta na kichwa cha injini. Baadhi ya pikipiki za Kichina za mtindo wa CG125 huja nacho toka dukani. Kwa nyingine, kichuchu kilikuwa na mpira wa kwenda kwenye valvu ya hewa ya ekzosi, fundi akaing'oa valvu akaziba. Kikipasuka, injini inanyonya hewa ambayo kabureta haikuipimia petroli. Silensa (mzunguko wa injini bila kutia resi) inapanda yenyewe, ukiachia resi ekzosi inapiga baruti, na ikishapata moto inazima kwenye foleni. Hapa kijiweni wakiona hivyo wanakimbilia kufumua kabureta. Nyie mnaziba na nini, na kimedumu? Leteni visa, nadharia tunazo.

Boda_Chanika
Yangu asubuhi ilikuwa poa kabisa, ikipata moto silensa juu. Fundi wa kwanza akabadilisha jeti ya kabureta. Wa pili akacheza na skrubu ya upepo, ikatulia kidogo, halafu plagi ikaanza kutoka nyeupe pee. Wa tatu, kijana mdogo tu, hata bisibisi hakushika. Aliomba chupa ya maji, akatoboa kifuniko, akawasha pikipiki na kumwagia matone taratibu kuzunguka manifoldi. Alipofika kwenye kile kimpira injini ikashtuka, ikataka kuzima. Akakichomoa na kukikunja mbele ya macho yangu. Ukikitazama kimenyooka ni kizima, ukikikunja unaona ufa umezunguka shingo yote. Kipya kilinigharimu chini ya chai na chapati mbili. Kuna wanaotumia spreyi ya kusafishia kabureta badala ya maji, ila hiyo inashika moto na pale ekzosi iko jirani. Maji yanatosha.

KalamuYaBluu
Mimi nimeziba na kitako cha kalamu, nikafunga tyubu ya baiskeli na waya juu yake. Inatembea.

MzeeWaKijiwe
Mkuu, inatembea mpaka lini?

KalamuYaBluu
Hilo sasa ni swali lingine 😂

BintiSpana (Mwanza)
Kaka Kalamu, tyubu ikishakutana na petroli inavimba, na waya unaikata pale pale ulipokaza. Utarudi tu.

Wakuu, naona watu wanatafuta kizibo kinene. Mimi naangalia aina ya mpira kwanza. Pale kwenye manifoldi kizibo kinapigwa na vitu vitatu kwa pamoja: joto la injini, mvuke wa petroli, na jua pamoja na hewa ya nje. EPDM, mpira unaotumika sana kwenye mabomba ya rejeta za magari, haujali jua wala joto, lakini petroli inauvimbisha na kuulegeza. Silikoni inavumilia joto la nyuzi 200 hivi, ila nayo petroli inaivimbisha, na ikichanika kidogo mchaniko unaendelea wenyewe. Naitraili inaelewana na petroli, lakini jua na joto la muda mrefu vinaikausha mpaka inapasuka. Viton inahimili vyote vitatu. Tatizo lake ni bei, na pia wauzaji wakishasikia unaulizia viton, kila kitu cheusi dukani kinakuwa viton.

Ndiyo maana napima kabla ya kununua vingi. Nanunua kimoja, nakivalisha kwenye boliti inayolingana na kichuchu nione kinavyobana. Nakivua, nakitumbukiza kwenye chupa ya kioo yenye petroli kidogo, naiacha nje usiku kucha, mbali na moto na watoto. Asubuhi nakivalisha boliti ileile. Cha naitraili au viton kinabana karibu kama jana. Cha EPDM au silikoni kimenenepa, kinaingia bila ubishi, ukitikisa boliti kinadondoka. Kipimo hiki hakitenganishi naitraili na viton, ila kile cha kukulaza njiani umeshakijua. Na rangi isikudanganye, mpira wowote unatiwa rangi yoyote.

Kwa bodaboda inayoshinda barabarani, naitraili nzuri inatosha, mradi uwe unaikagua kila unapobadilisha oili. Ikunje kwa vidole, usiitazame tu.

Likoni_Rider
Hiyo ya silikoni nimeiona kwa macho. Mdogo wangu alitia vile vya buluu vinavyong'aa, pikipiki ikapendeza kweli. Haukupita muda, ikawa kila akiachia mafuta inapiga mabomu hadi watu kwenye feri wanageuka. Tulipokishika kile kizibo kilikuwa laini kama ute, kimetanuka mdomo, chachomoka kwa kidole kimoja. Tukatia cha naitraili na klipu ndogo ya springi, mambo yakatulia. Ila huku pwani pikipiki ikilala juani, naitraili haikai sana. Yaanza na vinyufa vidogo vidogo pale mdomoni.

Mzanzibari_Muscat
Assalaam aleikum. Mimi wa Unguja, nipo Muscat. Kiangazi huku joto lapita nyuzi 40, na pikipiki yangu ni ya zamani, silinda nne, kabureta zimebanana baina ya injini na tangi, upepo hauzifikii. Kila silinda ina kichuchu chake cha kuungia geji za kusawazisha kabureta. Kizibo kimoja kikivuja, silinda ile peke yake ndiyo inayopata hewa ya ziada, na ukiisikiliza utadhani plagi ina misi, yaani inaruka kuwaka. Kuijua ni ipi: iwashe ikiwa baridi, iache kwenye silensa kidogo tu, kisha dondoshea maji kila bomba la ekzosi pale linapotokea kwenye injini. Mabomba mazima maji yanaruka na kukauka. Lile la silinda mbovu maji yanateremka tu.

Naitraili kwangu ilikuwa haivuki kiangazi. Nikaagiza viton na klipu za springi, tangu hapo nimesahau habari yake. Na tazameni kichuchu chenyewe: kama kimefungwa kwa meno kama skrubu, kifungueni mtie boliti fupi yenye washa ya shaba. Hapo suala la mpira limekwisha.

MzeeWaKijiwe
Shekhe, hiyo ya boliti nimeipenda. Za huku nyingi kichuchu kimepigwa humo humo kwenye manifoldi, hakifunguki. Saizi mnapimaje?

BintiSpana
Kichuchu kwa kalipa, vingi vinaangukia kati ya milimita 4 na 6. Tundu la kizibo liwe dogo kidogo kuliko kichuchu, ila lisilazimishwe sana, mpira uliovutwa mno unapasuka mapema. Kichuchu kifute kwanza kutu na mabaki ya mpira wa zamani.

Mgeni_Kigamboni
Samahani wakubwa, yangu kuna mpira umechomoka kwenye hicho kichuchu, unatoka kwenye koki ya tangi. Nikizibe?

BintiSpana
Hapana mdogo wangu! Hiyo ni koki ya vakyumu, inafunguka kwa mvuto wa injini. Ukiziba, petroli haitashuka, itazima ikimaliza iliyomo kwenye bakuli la kabureta. Nusa ndani ya huo mpira. Ukiwa na petroli, kiwambo cha koki kimetoboka na injini ilikuwa inakunywa mafuta kupitia humo, badilisha koki. Ukiwa mkavu, kata ncha iliyolegea, urudishe na klipu.

Mgeni_Kigamboni
Mkavu, dada. Nakata sasa hivi.