Unyevu unapanda ukutani: lipu yenye dawa, nailoni au chokaa?

Forest_ya_Zamani: Wakuu, nyumba ya mzee hapa Mbeya ni ya tofali za kuchoma, kila mvua zikianza ukuta unalowa chini na rangi inabanduka. Fundi mmoja anataka kupiga lipu ya simenti yenye dawa ya kuzuia maji, wa pili akate ukuta vipande vipande apitishe nailoni ya kuzuia unyevu usipande, wa tatu lipu ya chokaa. Hela inatosha kitu kimoja tu na Novemba hiyoo. Nichague ipi?

fundi_iyunga: Hujasema kitu mkuu. Unyevu unaishia magotini au unatokea juu? Nje udongo uko usawa gani na sakafu? Gata zipo?

MamaTukuyu: Chokaa mwanangu, usihangaike. Tofali za zamani zimejengewa udongo, lazima zipumue.

Kihesa_Juu: Hiyo lipu ya dawa ikimbie kabisa. Mimi fundi alinipigia ndani kimo cha mita moja, mwaka wa kwanza pakavu nikamsifia kwa majirani, mvua zilizofuata maji yakatokea juu ya ile lipu usawa wa dirisha, poda nyeupe ya chumvi ikawa inadondoka kitandani kwa watoto, ukigonga ukuta unalia wazi, tulivyobandua tofali za nyuma unazikwangua kwa kucha kama ugoro. Maji hayakuwa na pa kutokea, yakapanda. Na chanzo kilikuwa nje, bustani ya maua imejazwa udongo mpaka juu ya msingi!

bloku_tu: Ndo maana nasema tofali za kuchoma hazifai, jengeni bloku.

fundi_iyunga: Bloku bila nailoni nayo inanyonya vilevile. Tofali iliyoiva vizuri ukizigonganisha mbili zinalia kengele, shida ni zile mbichi za pembeni ya tanuru.

bloku_tu: Nani siku hizi anachagua moja moja, lori linamwaga tu.

Forest_ya_Zamani: Samahani, nipo. Unaishia chini ya soketi, poda nyeupe ipo. Gata zimeoza. Nje kuna kibaraza cha simenti, kimepita sakafu ya ndani kidogo.

fundi_iyunga: Sasa hilo ndo lilikuwa la kwanza kusema! Vunja kibaraza, shusha ardhi iwe sentimita 15 chini ya sakafu, chimba mfereji ujaze kokoto, funga gata. Uache ukuta ukauke kiangazi kizima ndo uguse lipu.

MamaTukuyu: Na ukigusa iwe chokaa.

Kihesa_Juu: Nailoni nayo usiidharau, ila akate kipande kifupi kifupi, akirefusha nyumba inapata nyufa.

Forest_ya_Zamani: Mzee hataki kibaraza kivunjwe, ndo anapokaa jioni.

mdau_mafinga: Chokaa nzuri Mwanjelwa mfuko bei gani kwa sasa?