Goti bandia, siku ya 20: halinyooki wala halikunji vizuri. Tufanyeje nyumbani?

Mwana_Chikundi
Habari zenu wakuu. Mama, miaka 67, amebadilishiwa goti la kulia Dar, sasa tuko naye Masasi. Pini zimeshatolewa na kidonda kimekauka. Goti halinyooki sawasawa, na akikaa kwenye kiti mguu unabaki mbele. Analala na mto chini ya goti kwa sababu ndivyo anavyopata nafuu. Majirani wanasema akandwe maji ya moto na achuliwe. Choo chetu ni cha kuchuchumaa. Naombeni maelekezo.

Mazoezi_Tiba_Kusini
Poleni kwa kuuguza. Huo mto uondoeni leo hii. Kovu la ndani bado changa, na goti likilazwa limekunjwa kila usiku, linakaukia hapo hapo. Goti lisilonyooka linalitesa paja: kila hatua misuli inabeba uzito bila kupumzika, na kiuno nacho kinaanza kuuma. Kwa hiyo kunyoosha kwanza.

Viringisheni kanga mbili zifikie unene wa ngumi, ziwekeni chini ya kisigino, goti lining'inie hewani. Dakika 10 hadi 15, mara 4 kwa siku. Akiwa hivyo abane paja, asukume goti chini, ahesabu mpaka 5, aachie. Mara 10. Kujipima: alale chali juu ya benchi (godoro laini hudanganya), mguu umenyooka, wewe pitisha kiganja chini ya goti. Kikipita bila shida, bado kazi ipo.

Kukunja: kiti kigumu, unyayo juu ya kanga sakafuni ili uteleze. Auvute nyuma mpaka panapobana, sekunde 10. Halafu unyayo ubaki pale pale, yeye asogeze makalio mbele kidogo. Hapo ndipo nyuzi (kipimo cha mkunjo wa goti) zinapoongezeka. Muundi ukisimama wima, amefika nyuzi 90. Ikifika wiki ya 6 hajafika 90, rudini kwa daktari aliyempasua. Kulikunja goti mgonjwa akiwa amelazwa usingizi wa dawa hufanikiwa zaidi kabla ya wiki 12.

Kama daktari hakumkataza parasetamo, ameze vidonge 2 vya miligramu 500 dakika 45 kabla ya zoezi, jumla isizidi 8 kwa saa 24. Baada ya zoezi, barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, dakika 15 hadi 20.

Nesi_wa_Zamu
Maji ya moto hapana kabisa. Ngozi ya upande wa nje wa kovu huwa imekufa ganzi, ataungua asisikie. Kuchua napo hapana, hasa kwenye shavu la mguu: kama kuna damu iliyoganda kwenye mshipa, unaweza kuisukuma ikaenda mapafuni. Shavu likivimba na kuuma upande mmoja, hospitali siku hiyo hiyo. Pumzi ikikata ghafla au kifua kikichoma, ondokeni muda huo huo.

Goti kuwa na joto kidogo na uvimbe wa jioni ni kawaida kwa miezi kadhaa. Kisicho kawaida ni kidonda kilichokauka kuanza tena kutoa maji, homa ya 38 kwenda juu, au maumivu yanayozidi badala ya kupungua. Hapo msikimbilie amoksilini ya duka la dawa! Inaweza kuficha vijidudu visionekane kwenye kipimo cha maji ya goti huku vikiendelea kujishika kwenye chuma. Maambukizi yakiwahiwa, goti linaweza kuoshwa na chuma kikabaki. Yakichelewa, mara nyingi chuma kinatolewa.

Kama bado anameza dawa ya kuzuia damu kuganda, msimchanganyie diklofenaki.

Fundi_Mikindani
Choo: pimeni kutoka sakafuni hadi kwenye kunjo la nyuma ya goti lake, ongezeni sentimita 5. Huo ndio urefu wa kiti. Seremala atengeneze cha mbao, chenye tundu na mikono ya kushikilia, miguu ivalishwe mpira wa tairi. Kiti cha plastiki kilichotobolewa msitumie, miguu yake hutanuka kwenye sakafu yenye maji. Mbuzi ya nazi na kigoda cha jikoni viwekeni kando, vyote ni vya chini mno. Mpira wa ncha ya gongo ukaguliwe kila wiki, mchanga unaula haraka.

Mwana_Chikundi
Nashukuru sana. Kuna aliyetuambia asikunje kupita nyuzi 90, goti litachomoka?

Mazoezi_Tiba_Kusini
Hilo ni sharti la waliobadilishiwa nyonga, tena si wote. Goti tunalitafutia 110 na zaidi. Kwenye ngazi, kupanda aanze na mguu mzima, kushuka aanze na uliopasuliwa, gongo likienda pamoja na uliopasuliwa.